Louis Leakey: mtoto wa Kabete aliyetaka kujua nani alimla nani

MISISI, Fizi – Kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi, hakuna mchimbaji asiyejua kwamba udongo una mpangilio wake. Kuna tabaka linalotupwa pembeni, na kuna tabaka linalobebwa kwa mfuko hadi mtoni kuoshwa. Mtu akichanganya matabaka hayo, kazi ya wiki nzima inapotea.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbele zaidi ya Kigoma, kuna bonde ambako elimu hiyo hiyo ya matabaka ilitumika kwa kazi nyingine. Bonde hilo linaitwa Olduvai, liko kaskazini mwa Tanzania, kati ya Ngorongoro na mbuga za Serengeti. Wanaochimba huko hutafuta mifupa na mawe yaliyochongwa. Na jina linalotajwa kwanza kila bonde hilo linapotajwa ni la Louis Leakey, aliyefariki mwaka 1972.

Wengi wanamkumbuka kama Mzungu aliyetangaza kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika Mashariki. Maisha yake yalizunguka pia swali lingine, ambalo mwindaji yeyote wa milima ya Itombwe anaweza kulielewa. Ukikuta mifupa ya mnyama imelala pamoja na mawe makali, na pembeni kuna mfupa wa mtu, utajuaje nani alikuwa mlaji na nani alikuwa chakula?

Mzungu aliyeota ndoto kwa Kikikuyu

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kanisa la Kianglikana, na alishiriki katika kutafsiri Biblia kwa lugha ya Kikikuyu. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya udongo na nyasi, na ilivuja wakati wa mvua.

Mtoto huyo alikua na vijana wa Kikikuyu. Alijifunza lugha yao kwa wakati mmoja na Kiingereza, akapitishwa jandoni pamoja na rika lake, akapewa jina la Wakaruigi. Hata uzeeni alisema kwamba mara nyingi ndoto zake na mawazo yake yalikuwa kwa Kikikuyu.

Wawindaji wa huko walimfundisha kutega mitego, kunyatia swala dhidi ya upepo, na kusoma nyayo. Alipata kujua sehemu gani ya mzoga huliwa kwanza na simba, na fisi akija huacha nini. Elimu hiyo ya porini aliibeba hadi chuo kikuu.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, alitumiwa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kuhusu watu wa zama za mawe. Akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, vilivyotapakaa baada ya mvua. Watu wazima walimcheka, lakini Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alimwambia kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa vifaa halisi vya watu wa kale. Tangu siku hiyo kijana hakutaka kazi nyingine.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mchezo wa raga ulimwumiza kichwa, madaktari wakamwamuru apumzike masomo. Mwaka 1924 akaenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kusaidia msafara uliochimba mifupa ya dinosaria. Huko alijifunza namna ya kutoa mfupa mkubwa ardhini bila kuuvunja. Alimaliza Cambridge mwaka 1926, na mwaka huo huo akarudi Kenya akiongoza msafara wake mwenyewe.

Dau la pauni kumi

Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba asili ya binadamu ilipaswa kutafutwa Asia. Mifupa iliyopatikana Java na China ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa. Walimu wa Leakey walimshauri asipoteze muda wake Afrika.

Yeye alikwenda kinyume. Mwaka 1931 alifika Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyewahi kuchimba hapo mwaka 1913, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Reck alisema bonde hilo lina mifupa mingi ya wanyama lakini halina vifaa vya mawe. Leakey akaweka naye dau la pauni 10 kwamba atapata kifaa cha jiwe ndani ya saa 24. Alishinda kabla ya muda huo kwisha.

Kumbe Reck alikuwa ametafuta vifaa vya jiwe la gumegume, kama vile vya Ulaya, wakati watu wa kale wa Olduvai walitumia mawe ya volkano yaliyokuwa karibu nao.

Katika kazi hiyo Leakey hakuwa peke yake. Heslon Mukiri, rafiki yake tangu utoto wa Kabete, alikuwa naye tangu misafara ya mwanzo, na jicho lake liligundua mifupa mingi iliyopata umaarufu. Baadaye alikuja Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kazi Olduvai mwaka 1960 kama kibarua na kuishia kuwa mmoja wa wagunduzi wakubwa wa mifupa ya binadamu duniani. Kwa miaka mingi majina ya Waafrika hao yaliandikwa kwa herufi ndogo, huku la Leakey likiandikwa kwa herufi kubwa.

Makosa mawili yaliyomgharimu

Mafanikio hayo yalifuatwa haraka na aibu, na aibu hizo zilitokana na matabaka.

Ya kwanza ilihusu mifupa ya mtu ambayo Reck aliipata mwaka 1913. Ilionekana kulala ndani ya tabaka la zamani sana. Leakey, baada ya kufika mahali hapo mwaka 1931, aliunga mkono kwamba mtu huyo ni wa kale kama tabaka lenyewe. Baadaye ikathibitika kwamba mtu yule alizikwa. Watu wa wakati wa karibu zaidi walichimba kaburi, wakalishusha hadi kwenye udongo wa kale. Mfupa mpya ulikuwa umeingia katika nyumba ya zamani, na Leakey alilazimika kukiri kosa.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, kundi lake lilipata kipande cha taya la mtu. Leakey alitangaza kwamba ni la babu wa kale kabisa wa binadamu wa leo. Alikuwa ameweka alama za vigingi vya chuma mahali lilipopatikana, lakini hakuchora ramani ya uhakika. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba kutoka London, Percy Boswell, alikwenda kukagua. Vigingi havikuwepo tena. Wenyeji walikuwa wamevichukua kwa matumizi yao. Picha aliyoonyesha Leakey nayo ikaonekana kuwa ya sehemu nyingine.

Boswell aliandika habari hiyo katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka. Taya lenyewe lilibaki, lakini bila mahali pake likawa halina ushahidi.

Wakati huo huo maisha ya nyumbani yalivunjika. Leakey alikuwa amemwoa Frida Avern mwaka 1928 na wakapata watoto wawili. Mwaka 1933 alikutana na Mary Nicol, msichana Mwingereza aliyekuwa hodari wa kuchora vifaa vya mawe. Akamwacha Frida, na mwisho wa mwaka 1936 akafunga ndoa na Mary. Nafasi ya kazi Cambridge ikafungwa, na akarudi Kenya.

Ndoa hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi yake. Mary alikuwa mtu wa maneno machache, mkali kwa uchafu wa kazi. Louis alipenda kutangaza kabla ya kupima, naye Mary alitaka kupima kwanza. Kila jiwe na kila mfupa alivichora katika ramani kabla ya kuviinua. Baada ya yale ya Kanam, hilo ndilo alilohitaji mumewe.

Kati ya pande mbili

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Leakey alifanya kazi ya upelelezi kwa serikali ya kikoloni ya Kenya. Baadaye akaongoza makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1947 aliitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kabla ya maandishi.

Mwaka 1952 vita vya Mau Mau vilipoanza, alisimama upande wa serikali. Aliandika vitabu dhidi ya kiapo cha Mau Mau na akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipolalamika kwamba hakuwa mtu asiyeegemea upande, akajiondoa. Mwaka 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji. Kwa Wakikuyu wengi, mtu aliyejiita ndugu yao alikuwa amewageuka. Baada ya uhuru, Kenyatta na Leakey walipatana, na Leakey akabaki Kenya.

Fuvu lililosafiri hadi Léopoldville

Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa amelala hemani Olduvai kwa homa. Mary alitoka na mbwa wake kutembea mahali panapoitwa FLK. Mvua ilikuwa imeosha mteremko. Akaona mfupa umejitokeza, kisha meno mawili makubwa ya juu, yamekaa ndani ya taya. Alirudi mbio kambini, na Louis akasahau homa.

Fuvu hilo lilitoka ardhini vipande kama 400. Waliyaunganisha vipande hivyo kidogo kidogo. Leakey alilipa jina la Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika Mashariki, na boisei ni heshima kwa Charles Boise, mfanyabiashara aliyetoa fedha za utafiti. Magazeti yalilipa jina la mvunja njugu, kwa sababu magego yake yalikuwa makubwa kupita kiasi.

Mwezi Agosti mwaka huo huo Louis na Mary walilibeba fuvu hilo hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Huko ndiko mkutano wa nne wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale ulikofanyika, chini ya mwaka mmoja kabla ya Kongo kupata uhuru. Ilikuwa katika mji mkuu wa Kongo ambapo wataalamu wa bara hili waliliona kwa mara ya kwanza. Phillip Tobias wa Afrika Kusini alikuwa miongoni mwao, na baadaye Leakey alimkabidhi kazi ya kulichunguza.

Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipima umri wa majivu ya volkano yaliyolifunika tabaka hilo. Jibu lilikuwa miaka milioni 1.75. Wengi walikuwa wakifikiria umri mdogo zaidi ya hapo. Fedha kutoka shirika la National Geographic la Marekani zikaanza kuingia, na wachimbaji wakaongezeka.

Mifupa ya wanyama inaanza kusema

Mary alichimba eneo lote lililozunguka fuvu. Alipata zaidi ya vipande 2,000 vya mawe yaliyochongwa na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama, mingi ikiwa imepasuliwa. Leakey hakusita. Aliona hapo palikuwa kambi ya watu, Zinj alikuwa mwenye nyumba, aliwinda, akachinja, akapasua mifupa apate uboho.

Hadithi hiyo haikudumu miaka mitano. Mwaka 1960 Jonathan, mtoto mkubwa wa Louis na Mary, aliokota kando kidogo ya mahali hapo taya la paka mkubwa wa kale, mwenye meno marefu kama majambia, aina iliyokwisha kutoweka duniani. Mifupa ya mnyama huyo ni adimu, kwa hiyo waliamua kuchekecha udongo wa pale kutafuta iliyobaki. Badala ya paka, walipata jino la mtu, kisha taya la mtoto, vipande vya fuvu, mifupa ya mkono, na mguu wa mtu mwingine. Mnyama mla nyama alikuwa ndiye aliyewaonyesha njia.

Mtoto huyo alikuwa na ubongo mkubwa kuliko Zinj na meno madogo zaidi. Mwezi Aprili 1964 Leakey, Tobias na John Napier walimtangaza kuwa aina mpya: Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi wa mikono. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa mchonga mawe. Na Zinj, aliyekuwa mwenye nyumba, akashushwa cheo. Katika maandishi yao walisema pengine alikuwa mgeni tu katika kambi ya wengine, au aliuawa hapo.

Wakati huo si Leakey pekee aliyekuwa akibishana juu ya mlaji na mliwaji. Afrika Kusini, Raymond Dart alidai kwamba watu wa kale walikuwa wauaji wakali waliotumia mifupa na pembe kama silaha. Mtafiti mwingine wa huko, Bob Brain, alitumia miaka mingi kuchunguza mapango hayo hayo. Katika pango la Swartkrans alikuta fuvu la mtoto lenye matundu mawili nyuma. Alipolinganisha, umbali kati ya matundu ulilingana na wa meno ya chonge ya chui. Mtoto yule alikuwa ameburutwa na chui. Waliodhaniwa kuwa wauaji ndio waliokuwa wakiwindwa.

Leakey ajaribu kazi ya fisi

Leakey hakuridhika na mabishano ya mezani. Mara nyingi alichonga jiwe mbele ya watu na kumchuna mnyama kwa jiwe hilo, akionyesha kwamba kifaa kinachodharauliwa kinakata ngozi ngumu kwa dakika chache.

Alitaka pia kujua kama mtu asiye na mkuki wala bunduki angeweza kupata nyama kwa kunyang'anya mizoga. Akiwa na mwanawe Richard, walivua nguo, wakashika mifupa mikubwa kama marungu, wakaenda kuwafukuza fisi na tai kwenye mzoga. Waliweza kuwazuia kwa dakika chache tu, kisha fisi wakaanza kuwazunguka. Walikata kipande chao na kuondoka. Kwa Leakey hilo lilitosha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini lilionyesha pia jinsi maisha hayo yalivyokuwa ya hatari.

Ng'ambo ya Fizi na milima ya Virunga

Leakey aliona kwamba mifupa haitoshi, na kwamba nyani wakubwa walio hai wangeweza kufundisha kitu kuhusu maisha ya kale. Mwezi Julai 1960 alimtuma Jane Goodall, kijana wa Kiingereza asiye na shahada, kwenda Gombe. Msitu huo uko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma, ukitazamana na milima ya Fizi. Goodall alipofika Kigoma aliukuta mji umejaa Wabelji waliovuka ziwa wakikimbia machafuko ya Kongo, na yeye na mama yake walisaidia kuwaandalia mikate kabla ya kuendelea na safari.

Kabla ya mwaka kwisha, Goodall aliona sokwe akila nyama ya mnyama mwingine, na sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa. Hadi hapo iliaminika kwamba sokwe ni mla matunda na majani tu, na kwamba kutengeneza chombo ni kazi ya binadamu peke yake.

Mwaka 1967 Leakey alimpeleka Dian Fossey Kabara, chini ya mlima Mikeno, upande wa Kongo, kuchunguza sokwe wa milimani wanaojulikana kama gorila. Kazi hiyo haikumaliza mwaka. Mwezi Julai, nchi ikiwa katika uasi wa mamluki, askari walimshusha mlimani na kumzuilia Rumangabo. Akafanikiwa kuvuka hadi Uganda, kisha akaanza upya upande wa Rwanda.

Kongo yenyewe ilikuwa na mtafiti wake wa mifupa. Mwaka 1950 Mbelji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Alipata vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki na mfupa wenye mikato iliyopangwa, wenye umri wa miaka kama 20,000. Mfupa huo uko Brussels hadi leo. De Heinzelin alifariki mwaka 1998, na mwaka uliofuata jina lake lilikuwa la kwanza katika ripoti kuhusu mifupa ya wanyama kutoka Bouri, Ethiopia, yenye alama za visu vya mawe na umri wa miaka milioni 2.5.

Miaka ya mwisho

Mwishoni mwa maisha yake Leakey alikuwa mgonjwa wa nyonga na moyo, lakini hakupumzika. Alizunguka Marekani akitoa mihadhara ili kupata fedha za watafiti vijana. Huko California, mahali paitwapo Calico, aliamini kwamba amepata vifaa vya watu wa kale sana wa Amerika. Wataalamu wengi waliona ni mawe yaliyovunjwa na maumbile. Mary alikuwa mmoja wao, na jambo hilo liliongeza umbali kati ya mume na mke. Alikuwa amerudia kosa la Kanam, la kupenda jibu kuliko ushahidi.

Tarehe 1 Oktoba 1972 moyo wake ulisimama akiwa London. Alikuwa na umri wa miaka 69. Mwili ulirudishwa Kenya na kuzikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mary aliendelea na kazi Olduvai na Laetoli, na alifariki mwezi Desemba 1996. Fuvu la Zinj lilikuwa limekwisha kurudishwa Tanzania mwaka 1965, na linahifadhiwa Dar es Salaam.

Jibu lililokuja baada yake

Mwaka 1981, miaka tisa baada ya kifo cha Leakey, watafiti waliiangalia upya mifupa aliyoichimba Mary mahali pa Zinj, mingine kwa darubini yenye nguvu sana. Jino la mnyama huacha mfereji mpana wenye mviringo chini. Kisu cha jiwe huacha mkato mwembamba wenye mistari midogo ndani yake. Jiwe la kupasulia nalo huacha kovu mahali lilipogonga. Kwenye mifupa ya swala wa Olduvai alama zote tatu zilikuwepo, mara nyingine kwenye mfupa mmoja.

Hapo ubishi ulianza upya. Kundi moja la watafiti linasema simba na paka wengine wakubwa walikula kwanza, watu wakafika baadaye kupasua mifupa na kunyonya uboho, na fisi wakamaliza. Kundi jingine linasema mikato iko kwenye sehemu zenye minofu mingi, kwa hiyo watu walifika mapema, nyama ikiwa bado ipo. Pande zote mbili zinakubali kwamba watu na wanyama wakali walitumia mahali pale pale.

Sehemu ya mwisho ya jibu ilitoka kwa Mtanzania, Jackson Njau, aliyetumia muda mrefu kusoma alama za meno ya mamba. Mwaka 2010 yeye na wenzake walitangaza mamba wa kale wa Olduvai, wakampa jina la kisayansi lenye maana ya mla watu. Mwaka 2012, pamoja na Robert Blumenschine, alieleza kwamba ule mguu uliopatikana mwaka 1960 una alama za meno ya mamba. Mifupa mingine ya mguu, iliyopatikana karibu na mahali pa Zinj, ina alama za mamba na pia za mnyama wa aina ya chui.

Hivyo wale ambao Leakey aliwaita wenye nyumba walikuwa wakifika majini kunywa na kutafuta nyama huku mamba akiwasubiri. Mvuvi wa Baraka au mama anayechota maji Ruzizi hahitaji kuelezwa hofu hiyo.

Yote hayo yamejulikana kwa sababu Mary hakuinua mfupa hata mmoja kabla ya kuandika ulilala wapi, katika tabaka gani, karibu na jiwe gani. Taya la Kanam halikupata bahati hiyo, na hadi leo halina neno la kusema. Huko Misisi sululu zinashuka kila siku ndani ya ardhi ambayo haijawahi kuchorwa kwa namna hiyo. Mchimbaji akikuta mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lenye makali yasiyo ya kawaida, la kufanya ni lile lile ambalo Leakey alilijua kwa hasara: kuuacha ulipo, kuweka alama isiyoondolewa, kupiga picha pamoja na kuta za shimo, na kumwita mwalimu au mtu wa chuo kabla ya udongo kuhama.